Waranti Huisha Injini Ikiwashwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kosa linalochunguzwa: Kumwagia mtu mafuta na kumchoma moto
Anayetoa maelezo: Mama Pacha, ndivyo anavyojulikana na wote
Umri: Miaka 41
Kazi: Mpiga pasi katika duka la dobi
Makazi: Nyumba za kupanga nyuma ya maegesho ya malori, chumba cha mwisho upande wa bomba
Uhusiano na mtuhumiwa: Mke

Nimeelezwa kwamba kwa kuwa ni mke wa mtuhumiwa silazimiki kusema lolote. Nimechagua kusema, kwa sababu mashahidi wote walioandikisha maelezo kabla yangu walikuwa ndani ya duka, na mimi nilikuwa uani, hatua moja kutoka kwenye moto. Nimeonywa pia kuhusu kusema uongo. Nimeelewa.

Mume wangu aliendesha malori ya safari ndefu tangu kabla hajanioa. Madereva wenzake walimbatiza jina la Breki. Walikuwa wakisimulia kwamba anaweza kusimamisha lori lililojaa mayai bila yai moja kupasuka. Sijui kama ni kweli, ila jina lilimkaa, hata mama yangu mzazi humwita hivyo. Miaka mitatu iliyopita alikuwa juu ya mzigo akifunga turubai, kamba ikakatika, akaanguka na kugonga kichwa. Jeraha lilipona vizuri. Miezi michache baadaye akaanza kuanguka kifafa. Daktari akasema asishike usukani tena maisha yake yote, na kampuni ikamwomba arudishe funguo.

Afande ameniuliza hayo yanahusiana nini na moto wa dukani. Yanahusiana. Naomba aniandikie.

Baada ya hapo mume wangu alikaa nyumbani. Mtu aliyezoea upepo wa dirishani akawa anakaa akitazama ukuta. Tukiwa mezani, mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu polepole, ukitafuta pedali. Watoto wetu pacha, wasichana, walikuwa wakimcheka. Kisha siku moja wakaacha kucheka, na hapo ndipo mimi nilipoogopa.

Wale madereva hawakumtupa. Walikuja siku moja na boksi kubwa, ndani mna gari la rimoti. Si yale ya betri ya watoto. Hili lina injini yenyewe, ndogo kama ngumi ya mtoto, inakunywa mafuta, inatoa moshi na kunguruma. Watu wazima hulichezea na kushindana nalo. Mmoja wao akamwambia, "Haya, Breki. Hili hakuna trafiki wa kukunyang'anya leseni." Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu aanguke.

Nyuma ya karakana ya malori kuna uwanja wa vumbi. Alikuwa akienda huko na gari lake kila alipopata nafasi. Alirudi amechafuka, kucha nyeusi, ananuka moshi, na ana njaa. Mwanamke gani hufurahia mume anayenuka moshi? Mimi nilifurahi. Jumamosi watu walijaa kumtazama akilipitisha katikati ya matairi makuukuu kwa kasi bila kugusa hata moja. Aliwahi kuanguka kifafa mara moja pale uwanjani. Wenzake walimlaza kwa ubavu mpaka akazinduka. Neno la kwanza kuuliza lilikuwa kama gari limemgonga mtu.

Injini ile ya kwanza ilikuwa imetumika sana, ikachoka. Tukanunua mpya kwenye duka la magari ya rimoti, lile la chini ya jengo lenye ngazi za nje. Boksi lilikuwa na kibandiko chekundu kimeandikwa: waranti mwaka mmoja.

Mnamo tarehe 2 ya mwezi huu, mchana, mume wangu aliiwasha injini hiyo uwanjani kwa mara ya kwanza. Nilikuwepo. Injini mpya haikimbizwi. Alinieleza kwamba inazoeshwa polepole, inapumzishwa, inawashwa tena, kama unavyomfundisha mtoto kutembea. Alifanya hivyo, amepiga magoti vumbini, hata maji hakutaka kunywa. Ilipofika tanki la pili ilitoa sauti kama kijiko kilichoangukia ndani ya glasi, ikanyamaza. Akajaribu kuizungusha kwa mkono. Imekwama, haizunguki mbele wala nyuma.

Hakukasirika. Aliifuta kwa kitambaa, akaniambia, "Usijali, Mama Pacha. Ina waranti."

Siku iliyofuata aliipeleka dukani. Sikuwepo, ninayosema hapa ni aliyonieleza yeye. Fundi wa duka aliitazama akasema, "Mzee, umetumia mafuta mabaya." Mume wangu akamwonyesha chupa ya mafuta: ilikuwa na nembo ya duka hilo hilo. Fundi akasema basi hakuizoesha. Mume wangu akaeleza alivyoizoesha, mwanzo hadi mwisho. Fundi akasema basi atakuwa ameizoesha kupita kiasi. Mwisho mwenye duka akaipokea, akasema ataituma kwa wakala aliyewaletea, kwa sababu anayeamua mambo ya waranti ni wakala.

Aliporudi kufuata jibu, nilimkuta jioni amekaa kitandani na viatu vyake.

Nikamuuliza, "Wamesemaje?"

Akasema, "Wakala anasema waranti ni ya injini ambayo haijawashwa."

"Haijawashwa? Maana yake nini?"

"Maana yake ikishawashwa, waranti imekwisha."

Nikamwambia, "Sasa mtu atajuaje kuwa ni mbovu kama hajaiwasha?"

Akasema, "Nami niliuliza hivyo hivyo. Mwenye duka akaniambia, mzee, hata mimi sielewi, lakini ndivyo ilivyoandikwa."

Nilicheka. Nilidhani naye atacheka. Hakucheka. Aliniambia, "Wameandika kwenye karatasi kwamba kosa ni la mtumiaji." Akalirudia neno hilo, mtumiaji, kama mtu anayelionja.

Kuanzia siku hiyo tulirudi tulikotoka, na zaidi. Gari lilikaa chini ya kitanda halina moyo. Madereva walikuja kumwita uwanjani akajifanya amelala. Nilipokuwa nikitandika nilikuta vidonge vyake vya kifafa chini ya godoro, vya siku kadhaa. Nikamuuliza kwa nini hamezi dawa. Akanijibu, "Nivimeze nilinde nini?" Nikamwambia ana watoto wawili na mke. Akasema, "Na wote mnanilinda mimi, kama bakuli lenye ufa. Lori nimelipoteza mimi, kichwa nimekiharibu mimi, sasa hata kigari cha kuchezea nimekiharibu mimi. Labda wanasema kweli, Mama Pacha. Labda ni mikono yangu." Kisha akasema ingekuwa heri angekufa siku ile ya turubai.

Afande, nilikaa nikisikiliza mume wangu akipumua mpaka kukapambazuka. Nilimwamsha, nikamtazama akimeza kidonge mbele yangu, nikamwambia, "Vaa. Tunakwenda dukani wote wawili." Kazini nilituma ujumbe kwamba naumwa tumbo. Huo ulikuwa uongo, uandikwe, nisije nikaambiwa nimeficha.

Mnamo tarehe 19 ya mwezi huu, yapata saa tano na nusu asubuhi, tulifika dukani. Fundi hakuwepo. Alikuwepo mwenye duka peke yake, mwanamume mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Kulikuwa na wateja wawili, kijana na dada yake, wanachagua betri. Mume wangu alikuwa na ile injini iliyokwama mfukoni.

Naomba niseme kweli kuhusu mwenye duka. Hakutupokea vibaya. Alitupa viti. Alitoa simu yake akanionyesha alivyomwandikia wakala, ujumbe juu ya ujumbe, na majibu yaliyokuwa yakirudi ni yale yale. Akasema, "Mama, mimi niko katikati kama nyama ya kusagwa. Huku wateja, huku wakala. Nikigombana naye haniletei mzigo, na bila mzigo hili si duka, ni chumba tu."

Mume wangu akamwambia kwa upole, "Basi nakuomba jambo moja. Unazo nyingine za aina hii?"

"Ninazo."

"Chukua moja, uichague wewe. Tuiwashe hapa hapa, uizoeshe wewe mwenyewe kwa mikono yako, mimi nitazame. Ikimaliza matanki mawili, nitakuomba radhi mbele ya mke wangu na sitarudi tena."

Mwenye duka alikataa. Wale wateja walikuwa wameacha kuchagua betri, wanasikiliza. Yule kijana akasema, "Si umwashie tu, kaka, kama ni nzima." Mwenye duka akaona haya. Akachukua boksi rafuni, akalifungua, akatuambia tumfuate uani.

Ua huo ni mdogo, hauna paa. Kuna meza ya bati, kifaa cha kubania injini, na ndoo ya maji ya kuoshea vipuri. Jua lilikuwa utosini. Kati ya ua na duka kuna mlango wenye pazia la plastiki, lile zito la vipande vipande. Wateja walibaki ndani. Huwezi kuona vizuri kupitia pazia hilo, unaona vivuli. Naomba jambo hili liandikwe wazi.

Mwenye duka alifunga injini, akatia mafuta kwa chupa laini ya plastiki yenye mdomo mrefu, akabana kiwashio cha betri kinachopasha moto plagi, akavuta kamba. Ikawaka. Mume wangu aliinama akatega sikio kama daktari. Afande, uso wake ulifunguka. Kama hii inaimba, basi ubovu wa ile ulikuwa wa kwetu, na bado alikuwa akitabasamu, kwa sababu alipenda tu kuisikia. Nikamtazama nikasema moyoni, hata tukishindwa leo, haidhuru.

Mwenye duka naye akalegea. Aliipumzisha, akaiwasha tena, kwa utaratibu ule ule aliofanya mume wangu uwanjani. Akasema, "Unaona, mzee? Injini hazina shida." Akatia tanki la pili.

Ikatoa ile sauti. Kijiko ndani ya glasi. Ikanyamaza.

Mwenye duka alijaribu kuizungusha kwa kidole, haikwenda. Akavua miwani akaifuta kwa shati. Kisha akasema chini chini, nadhani alikuwa akijiambia mwenyewe, "Na hii nayo nimeiwasha."

Mume wangu akasema, "Waranti yake imekwisha."

Wakatazamana. Wakacheka, wote wawili, wakicheka kwa pamoja kama watu waliokutana msibani wakakumbuka kituko cha marehemu. Nami nilicheka. Wale wateja kule ndani hawakueleza hilo kwenye maelezo yao, lakini lazima walisikia.

Kicheko kilipokatika mume wangu akasema, "Sasa niandikie tu kwamba umeona."

Mwenye duka akabadilika. "Kuandika siandiki. Nikiandika, wakala atasema nimeungana na mteja."

"Usiandike, basi. Sema tu. Sema kwa mdomo, mke wangu asikie, kwamba si mimi niliyeiharibu ile."

"Mzee, naomba tuishie hapa."

"Injini sitaki. Baki nayo. Nataka useme tu si mimi."

Mwenye duka aliangalia chini. Akasema, "Mimi sikuona kitu."

Mume wangu alisimama kama aliyepigwa. Akamwambia, "Umeona kwa macho yako. Mikono ilikuwa yako." Mwenye duka akasema tutoke, anafunga. Mume wangu alikuwa ameishika ile chupa ya mafuta, aliichukua mezani wakati wanacheka, bila sababu yoyote, kama mtu anavyoshika kalamu. Mwenye duka akaikamata, akasema, "Nipe mafuta yangu utoke." Mume wangu hakuiachia. Sisemi aliiachia. Walivutana. Chupa ni laini, ilibanwa na mikono minne, na mdomo wake ulikuwa umeelekea kwa mwenye duka. Mafuta yakaruka. Yalimpata kwenye mkono wa shati kuanzia bega hadi kwenye kifundo cha mkono, na mengine yakamwagika mezani, ambapo kiwashio kilikuwa bado kimebana kwenye plagi na bomba la moshi bado ni la moto.

Nilisikia kitu kama mtu anayepuliza. Sikuona moto.

Afande ameniuliza kama sikuona moto ninajuaje ulikuwepo. Mafuta hayo si petroli. Yana spiriti ndani yake, na moto wa spiriti mchana juani hauonekani. Huoni mwali wala moshi. Mume wangu alikuwa ameniambia hivyo zamani, akinikataza nisiwaache watoto wakaribie anapojaza tanki. Na mimi kazi yangu ni pasi. Nimeunguzwa na mvuke usioonekana mara nyingi kuliko nilivyounguzwa na moto. Ninakijua kitambaa kinapoanza kuungua: kwanza kinang'aa, kisha kinajikunja pembeni, kisha kinakuwa na rangi ya chai. Nililiona shati la mwenye duka likifanya hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama tu, bado hajasikia maumivu, anaitazama chupa iliyoanguka.

Hapo ndipo mume wangu alipopiga kelele. Alisema, "Unaungua!" Alisema mara mbili: "Unaungua! Unaungua wewe!"

Kisha akamrukia. Hakuwa na koti wala gunia. Alilikamata lile shati kwa mikono mitupu, akalibana, akalipigapiga, akamwangusha chini na kumlalia mkono ili moto ukose hewa. Mwenye duka alidhani anashambuliwa. Akampiga mume wangu usoni kwa mkono wake mzima, mara nyingi, huku akipiga mayowe. Mume wangu hakumwachia. Mimi nilichukua ile ndoo nikawamwagia wote wawili.

Wateja waliingia wakati huo. Walichokikuta ni mtu mzima amemkalia mwenye duka, harufu ya mafuta, na moto haupo. Siwalaumu kwa walichokiona.

Mara mume wangu akakakamaa. Macho yalipinduka, akaanguka pembeni, akaanza kutupatupa miguu. Nilisema, "Ana kifafa, mlazeni kwa ubavu." Yule kijana akasema, "Anaigiza huyo." Watu waliingia kutoka barabarani. Walimkandamiza. Mmoja alimfunga mikono kwa waya wa chaja akiwa bado anatetemeka. Nilipiga magoti, nikawaomba, nikawashika miguu watu nisiowajua. Nilipomwekea kiganja changu chini ya kichwa kisigonge sementi, mtu alikanyaga vidole vyangu. Nyinyi mlipofika alikuwa ametulia, amejikojolea, na mlimbeba hivyo hivyo.

Dawa zake nilizileta hapa kituoni jioni hiyo hiyo. Afande wa zamu alizipokea na kumpa maji. Namshukuru.

Mnamo tarehe 20 nilikwenda hospitali kumwona mwenye duka. Mke wake alisimama mlangoni, hakutaka niingie. Alikuwa na haki. Nilimwambia, "Dada, sikuja kuomba asamehewe mtu. Nimekuja kuuliza neno moja tu." Mwenye duka alinisikia, akasema niachwe. Mkono wake umefungwa bandeji mpaka juu. Nilimuuliza alimsikia mume wangu akisema nini kabla ya kumrukia. Akasema, "Nilisikia sauti, mama. Neno sikulisikia." Nikamwambia basi awaeleze polisi hivyo hivyo, asiongeze na asipunguze. Nilipokuwa ninatoka akasema nyuma yangu, "Zile injini ni mbovu zote. Mwambie." Nimemwambia mume wangu. Sijui kama alisikia.

Afande amenisomea maelezo ya wale wateja wawili. Wote wanasema mume wangu alipiga kelele, "Utaungua!" Yaani alikuwa anatisha, kisha akatenda. Mimi nimesema "Unaungua." Tofauti ni herufi moja. Sisemi wale vijana ni waongo. Mtu akipiga kelele nyuma ya pazia zito, halafu ukaingia ukamkuta juu ya mwenzake, sikio linachagua herufi linayoitaka. Lakini mimi nilikuwa namtazama mdomoni. Nimeishi na mdomo huo miaka kumi na sita.

Sasa nafika kwenye lililonileta hapa leo.

Leo tarehe 21, asubuhi, nilimletea mume wangu chai. Pale kaunta niliambiwa sina haja ya kuhangaika, maana mzee amekiri. Nilidhani nimesikia vibaya. Niliruhusiwa kuongea naye kupitia nondo.

Nikamuuliza, "Baba Pacha, umekiri nini?"

Akasema, "Nimekiri nilimchoma."

"Nani amekuambia ulimchoma?"

"Wamenisomea. Watu wawili wamesikia nikisema utaungua. Wana sababu gani ya kunisingizia?"

"Wewe unakumbuka kusema hivyo?"

"Mimi nikianguka sikumbuki kitu, unajua. Nakumbuka tulicheka. Nakumbuka aliposema hakuona. Nakumbuka nilimchukia, Mama Pacha. Nilimchukia sana. Baada ya hapo ni giza. Mtu mwenye chuki ile, ameshika mafuta, na mwenzake ameungua, nisipokuwa mimi ni nani? Nimeona bora nikubali, nisiwasumbue."

Hakulia. Alisema kama mtu anayesoma orodha ya mzigo wa lori. Nikamwambia, "Ulisema unaungua. Ulimrukia kumzima." Akanitazama kwa huruma, mimi, kama ndiye niliyefungiwa. Akasema, "Wewe ni mke mwema."

Hanisadiki. Afande, mume wangu anadhani ninamsingizia wema.

Nikampa kikombe. Hakukishika kwa vidole. Alikipokea kwa vifundo vya mikono, amekumbatia kikombe kama mtoto. Nikamwambia anionyeshe viganja. Akavificha kwapani. Nikamwomba mpaka akavitoa. Vimevimba, vina malengelenge, mengine yamepasuka. Hakuna aliyevitazama, kwa sababu alifika hapa amekunja ngumi na hajazikunjua mbele ya mtu. Nilimuuliza viliungulia wapi. Akasema, "Si nilijiunguza nikimchoma."

Naomba hapa niandikiwe neno kwa neno. Mtu anayemmwagia mwenzake mafuta na kumwasha anarudi nyuma, na akiungua ataungua mgongo wa mkono, au kope, au nguo. Haungui ndani ya viganja vyote viwili mpaka kwenye mikunjo ya vidole. Mtu huungua hapo kwa kushika. Ninaungua hapo mimi nikishika pasi isivyotakiwa. Kwenye kiganja chake cha kulia, chini ya dole gumba, kuna alama ya duara ndogo iliyozama kwenye nyama. Shati la mwenye duka lina vifungo vya chuma mkononi. Shati hilo mnalo nyinyi, mlilichukua kama kielelezo. Lileteni mlilinganishe.

Nimeambiwa kukiri kwake kumeshaandikwa na maelezo yangu hayawezi kukufuta. Sijaomba kufutwe. Nimeomba na yangu yaandikwe, yakae pamoja na yake, atakayeyasoma ayasome yote. Na nimeomba jambo la pili, ambalo afande anasema si la kuandikwa kwenye maelezo ya shahidi, lakini nasema liandikwe: mume wangu asiachwe peke yake na anachokiamini. Alisema maneno ya kufa kabla ya haya yote kutokea. Sasa anaamini ameunguza mtu. Mkanda wake mlishauchukua, mkachukua na kamba za viatu. Hayo ya ndani ya kichwa hamjayachukua.

Sina zaidi. Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, nimesomewa yote kwa sauti, nikasahihisha sehemu mbili, na nayakubali kuwa ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi kwa mkono wa kushoto, vidole vya mkono wa kulia vimevimba)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Maelezo haya yameandikwa na mimi katika chumba namba mbili, tarehe 21, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano. Shahidi alikuwa na akili timamu. Alilia mara moja, wakati wa kueleza kicheko.

Neno lililobishaniwa nilimtaka shahidi alitamke mara tatu. Mara zote tatu alitamka kwa herufi n.

Baada ya kumaliza, kwa ombi la shahidi, nilimtoa mtuhumiwa mahabusu na kukagua mikono yake kwenye mwanga wa dirisha. Viganja vyote viwili vina majeraha ya moto upande wa ndani. Migongo ya mikono haina jeraha. Kwenye kiganja cha kulia ipo alama ya duara. Nilileta shati la kielelezo na kuweka kifungo cha mkono wa shati juu ya alama hiyo. Vililingana.

Nimeagiza daktari aitwe na mlinzi akae mlangoni pa mtuhumiwa kuanzia sasa. Nimemjulisha mkuu wa upelelezi kwamba ungamo la tarehe 20 lina shaka.

Mtuhumiwa aliutazama mkono wake kwa muda mrefu ukiwa chini ya kifungo. Aliniuliza kama mwenye duka yu hai. Nilimjibu yu hai. Kisha akamgeukia shahidi, akamwambia, "Nisimulie tena, tangu mwanzo." Nimewaacha wakae kwenye benchi, shahidi akisimulia.